Kipimo cha Tarehe Kumi na Tatu

6 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, ila sanduku langu limefika siku moja baadaye, kishikio kimevunjika. Chumba nilichopewa kina kitanda, meza na dirisha linalotazama ukuta wa jengo la pili. Simu haikufai tena tangu sikio lako la pili nalo lilipostaafu, kwa hiyo nitakuandikia kama tulivyokubaliana, na Dada atakuchukulia barua kwenye sanduku la posta pale mjini.

Majirani wanadhani nimekuja huku kufagia. Waambie kazi ni hii. Nchi nyingi zinaandika mkataba mmoja wa kulinda vinamasi, misitu na viumbe vyake kabla joto halijavimaliza. Wakubwa wanakaa mbele, kila mmoja na kibao cha nchi yake. Sisi wawakilishi wa vijana tupo kumi na wawili, safu ya mwisho kabisa. Tuna kadi moja ya kijani kwa wote, ya kuinua tukitaka kusema au kukubali jambo, na tukiruhusiwa kusema tunapewa dakika mbili. Jana dakika zilikuwa zangu. Nilieleza habari za korongo na kambare huku mjumbe aliyekaa mbele yangu akichagua viatu kwenye simu.

Maneno ambayo hawajakubaliana wanayaweka kwenye mabano. Kuna kurasa ambazo ni mabano matupu. Kazi yetu ni kusukuma mpaka maneno mazuri yatoke humo yakiwa mazima.

Sasa ombi. Hapa wanasema kinamasi chetu hakina takwimu. Nimewaambia takwimu zipo, za miaka thelathini na moja, ziko kwenye kabati la jikoni. Baba, ninakilie madaftari yako. Nataka kuchora ramani nzuri ya kinamasi ili kiingie kwenye orodha ya maeneo ya kulindwa.

Mwanao,
Kipaza


19 Februari

Kipaza,

Kipimo leo, saa moja asubuhi: mita mbili na sentimita nne.

Marahaba, mwanangu. Majirani nimewaambia. Mama wa nyumba ya tatu anasema kama mshahara unalipwa kwa dakika mbili, na yeye atafutiwe nafasi, maana anaongea bila mabano.

Nakala hizo. Nimeandika kwa mkono siku tisa, kuanzia mwaka ule nilioajiriwa na idara ya maji mpaka mwezi uliopita. Idara imenistaafisha lakini ubao wa kupimia kina cha maji haujui, bado unanitazama kila asubuhi. Nikishuka kuusoma napita kwa mama yako kumsalimia. Nimepalilia kaburi na kuondoa matete yaliyoanza kulivamia.

Mahali pengine utaona namba imepigwa mstari na nyingine juu yake. Usidhani ni uchafu. Sheria ya kazi yetu ni moja: msomaji wa ubao akikosea hafuti. Anapiga mstari mmoja ili kosa lisomeke, anaandika namba sahihi juu, anatia saini pembeni. Anayefuta ana jambo lake.

Ukiwaonyesha ramani yako, hakikisha nyumba zetu kumi na saba zimo. Wajue kwamba sisi nasi tupo.

Baba yako


11 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakala zako zimefika, na wenzangu wamezishika kama kitu cha makumbusho. Nimechora ramani mwenyewe, nyumba zote kumi na saba zimo, na jina langu nimeliandika kwenye pembe ya chini, upande wa kulia. Ofisa wa wizara kutoka nyumbani, yule mpole mwenye miwani, ameipokea kwa mikono miwili. Kinamasi chetu kimeingia kwenye orodha, Baba. Namba kumi na nne.

Kuna kifungu kimoja nakilinda kama mboni ya jicho. Kinasema eneo litawekwa chini ya ulinzi "kwa ridhaa ya watu wanaoishi humo." Maneno hayo yako ndani ya mabano. Nchi tatu haziyataki. Wenzangu wananitania kwamba nikilala nayataja.

Hayatafutwa mimi nikiwepo. Waambie majirani hivyo.

Kipaza


2 Aprili

Kipaza,

Kipimo leo: mita mbili na sentimita kumi na moja. Maji yanapanda vizuri.

Tumepata wageni. Vijana wanne wa upimaji na chombo chao cha miguu mitatu. Niliwapa chai, nikawapakia kwenye mtumbwi, nikawaonyesha mpaka mahali korongo wanapotagia. Mmoja alitoa ramani akasema imechorwa na binti yangu. Nilijifanya sikusikia ili arudie. Akarudia kwa sauti, majirani wakiwepo. Siku hiyo nilikuwa mtu mkubwa hapa.

Wamepigilia vigingi vyekundu nyuma ya nyumba na kando ya kaburi. Nimeuliza ni vya nini, wakasema vya ulinzi. Nimewaambia ni vizuri, hata mimi nalinda.

Lile neno la ridhaa usiliachie. Nimewasomea watu barua yako, wamelipenda.

Baba yako


24 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mkataba umepita juzi saa nne asubuhi. Watu walisimama wakapiga makofi, na mwenyekiti akafuta macho kwa tai. Magazeti yametaja vijana. Kuna picha yangu, ila nusu ya uso imezibwa na kibao cha nchi ya watu.

Kifungu chetu kimebadilika kidogo. Sasa kinasema "kwa kuzingatia watu wanaoishi humo." Wataalamu wa sheria wanasema ni karibu sawa na kile cha mwanzo. Hizi kazi ndivyo zilivyo, unatoa hiki unapata kile.

Nimechoka sana. Nina kikohozi, lakini usijali, nimepewa dawa. Wamenipa nafasi ya kubaki mpaka mkutano mkubwa wa Oktoba, ambapo kila nchi itaonyesha imefanya nini. Wizara yetu inataka iwe ya kwanza kuonyesha.

Niambie hali ya huko.

Kipaza


20 Julai

Kipaza,

Kipimo leo: mita moja na sentimita themanini na saba.

Usinune kwamba nimekawia kujibu. Kalamu ilipotea, kisha ikapatikana, kisha mimi ndiye nikapotea kidogo. Hapa ni wazima. Dada yako anakusalimu, anashona sare za shule kutwa nzima na cherehani inatetemesha mpaka kikombe changu cha chai.

Kikohozi kinywee maji ya moto. Picha yako tumeiona. Nusu ya uso iliyoonekana ni ya mama yako.

Kuhusu kifungu, kama wataalamu wanasema ni karibu sawa, basi ni karibu sawa. Mimi si mtu wa sheria. Fanya kazi yako, usigeuke nyuma kila mara. Ulikwenda huko kusema, sema.

Baba yako


28 Agosti

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi, nikaisoma mara nne ili irefuke. Tangu lini unakunywa chai karibu na cherehani ya Dada? Ama umeanza kumtembelea mjini? Nafurahi kama ndivyo, pale kinamasini unakaa peke yako mno.

Nimechaguliwa kuzungumza mbele ya ukumbi mzima, Oktoba, dakika tano badala ya mbili. Nimeshajua nitakachosema. Wapo wanaodai kwamba eneo haliwezi kulindwa watu wakiwa ndani. Nitawasomea kipimo chako kipya kabisa. Nitawaambia: huyu ni mzee wa miaka sabini, anaishi ndani ya eneo namba kumi na nne, na asubuhi hii ameshuka kwenda kutazama maji. Hiyo ndiyo "kuzingatia."

Niandikie kipimo cha Septemba, chochote, ila kiwe na tarehe.

Kipaza


13 Septemba

Kipaza,

Kipimo leo: mita moja na sentimita sitini na mbili.

Umeomba, nimekupa. Lakini nakushauri usikisome mbele za watu. Hizo ni namba za kizee, zinafaa kabatini. Zungumza habari za joto la dunia, ndizo wanazozipenda. Korongo je? Korongo wana picha nzuri.

Nikisema usikisome usinielewe vibaya. Sitaki tu.

Dada yako ni mzima.

Baba yako


16 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Barua hii ni yako. Usimwonyeshe Baba mpaka umenijibu.

Juzi nilizungumza ukumbini. Baba alinikataza kusoma kipimo chake, nikadhani ni haya zake za siku zote, nikakisoma. Nilisema: "Mita moja na sentimita sitini na mbili, tarehe kumi na tatu Septemba, kimesomwa na baba yangu, ambaye anaishi ndani ya eneo namba kumi na nne na hajaondolewa." Ukumbi ulipiga makofi mpaka mwenyekiti akagonga meza. Ofisa wetu wa wizara hakupiga. Alikuwa anapanga karatasi zake ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

Baadaye nilimkuta kwenye meza ya kahawa. Akanipongeza kwa upole wake ule ule, kisha akasema, "Lakini binti, ubao ule tuliung'oa mwezi wa saba. Nilidhani umeambiwa."

Nilirudi chumbani nikatoa zile nakala alizoniandikia Baba Februari. Nikatafuta tarehe kumi na tatu Septemba ya mwaka jana. Mita moja na sentimita sitini na mbili. Nikatafuta ishirini Julai ya mwaka jana. Mita moja na sentimita themanini na saba.

Dada, Baba yuko wapi?

Mdogo wako


29 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Baba yuko kwangu, kile chumba cha nyuma ninachowekea vitambaa. Analala kwenye godoro lililo chini ya rafu, na ukiniuliza ni kwa muda gani nitakujibu tangu tarehe mbili Julai.

Alinikataza kukuambia. Nimenyamaza miezi minne na nimechoka kunyamaza, kwa hiyo sasa pokea yote.

Watu wa wizara walikuja na magari matatu na karatasi. Karatasi ilitaja mkataba wenu, ikataja kifungu, ikasema watu wanaoishi humo wamezingatiwa, yaani wamepewa siku kumi. Nyumba zote kumi na saba zimevunjwa. Mama wa nyumba ya tatu amekwenda kwa mwanawe, wengine wako kwenye mahema nyuma ya shule. Kumewekwa uzio. Kaburi la mama liko ndani. Baba aliomba kupita Jumapili kulipalilia, wakamwambia aandike barua ya maombi. Ameandika tatu.

Hizo namba nilizijua. Nilimwambia, Baba, kama ni lazima umdanganye mtoto, andika namba yoyote basi. Akaniambia hawezi kuandika maji ambayo hayakuwahi kuwepo. Ndiyo maana anafungua daftari la mwaka jana na kutafuta tarehe ile ile. Asubuhi alipokuandikia ya Septemba alishika kichwa kwa mikono miwili, chai ikapoa mbele yake.

Na kuna jambo la mwisho. Ile karatasi ilikuwa na ramani nyuma yake, nakala moja kwa kila nyumba. Ramani yako. Jina lako lilikuwa pembeni, chini kulia. Asubuhi iliyofuata, kabla majirani hawajaamka vizuri, Baba alizunguka nyumba kwa nyumba akaomba zile karatasi, akasema anataka kuzilinganisha. Akazileta kwangu, akachukua mkasi wangu wa kushonea, akakata ile pembe kwenye zote kumi na saba. Kisha akawarudishia. Walipouliza alisema zimeliwa na panya. Mkasi ule haukati karatasi vizuri. Mimi nilikuwa nashona kola, sikumsaidia.

Sitakupa pole. Nina hasira na wewe, na sijui hasa ni ya kosa gani.

Dada yako


9 Novemba

Baba,

Shikamoo. Dada ameniambia. Usimlaumu.

Mimi pia nilikuficha. Nilikuandikia kwamba kifungu kimebadilika kidogo, kana kwamba kimebadilika chenyewe. Asubuhi ile ya mwisho, zile nchi tatu zilisema neno "ridhaa" likibaki zinaondoka, na mkataba wote unakufa. Mwenyekiti akauliza kama vijana wanakubali liondolewe. Wenzangu wote wakanigeukia. Walisema mimi ndiye ninayetoka kinamasini, nikikubali mimi hakuna atakayelalamika. Nilifikiria misitu ya watu wengine, na miaka ambayo ingepotea. Nilifikiria pia jinsi ambavyo ningechukiwa ukumbini. Hilo la pili ndilo lililoniinua mkono. Niliinua kadi ya kijani, Baba. Mkono ni huu ninaokuandikia nao.

Nilikuahidi maneno yale hayatafutwa nikiwepo. Nilikuwepo.

Nataka kurudi nyumbani, ila sijui nirudi wapi.

Kipaza


23 Novemba

Kipaza,

Kipimo leo: sijui.

Nimekaa na barua yako siku tatu kabla ya kujibu. Siku ya kwanza nilikasirika. Siku ya pili nilikasirika zaidi, nikamwambia dada yako anipishe niongee peke yangu, akasema anashona na hawezi kuhama dukani mwake. Siku ya tatu nikakumbuka kwamba uliponificha neno moja, mimi nilikuficha nyumba nzima. Tumetoka sare.

Sijasema nimekusamehe. Nikisamehe nitakuandikia.

La kadi nitalibeba, ni kosa la mtu aliyebanwa. Linaloninyima raha ni lile la tarehe kumi na tatu. Miaka thelathini na moja sikuwahi kutoa kipimo cha uongo. Nilikitoa kwako peke yako ili ulale, wewe ukakipeleka mbele ya dunia. Sasa kiko kwenye kumbukumbu zao. Mtu atakuja miaka ijayo, atasoma kwamba Septemba hiyo mzee alikuwepo, ubao ulikuwepo, maji yalikuwa mita moja na sentimita sitini na mbili. Atasema kumbe hawakuondolewa.

Umeuliza urudi wapi. Usirudi bado. Kwanza nenda pale pale uliposimama ukarekebishe. Unajua inavyofanywa, nilikuandikia Februari. Usifute. Piga mstari mmoja, andika iliyo sahihi, tia saini. Ukimaliza hapo ndipo uje. Godoro ni moja lakini tutajibanza.

Nimekatazwa kupita langoni mara ya nne. Kijana wa lango ana adabu, ananiita babu. Nimemwomba anitazamie tu kama matete yamefika kaburini. Amesema haruhusiwi kusema.

Baba yako


12 Desemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijaja, nakupa taarifa.

Niliomba nafasi ya kusema kwenye kikao cha kufunga mwaka, ukumbi ule ule. Wenzangu waliniomba nisiseme. Walisema mkataba bado mchanga na wapinzani wanatafuta sababu ya kuuvunja. Nilipokataa walinipokonya kadi ya kijani, kwa heshima, wakasema ni utaratibu. Siku ya mwisho mwenyekiti alinipa dakika moja, si kama mwakilishi wa vijana tena bali kama mtu aliyemo ukumbini. Theluthi mbili ya viti vilikuwa vitupu, watu walishakwenda kuchukua mizigo yao.

Nilisema hivi, neno kwa neno. "Tarehe kumi na nne Oktoba nilisoma hapa kipimo. Hakikuwa cha kweli. Kipimo sahihi cha tarehe kumi na tatu Septemba hakijulikani, kwa sababu ubao uling'olewa na msomaji aliondolewa pamoja na nyumba kumi na saba. Aliondolewa kwa kutumia ramani niliyochora mimi na kifungu nilichokikubali mimi." Dakika ikaisha. Hakuna aliyepiga makofi. Ofisa wetu alivua miwani akaifuta, akaivaa, akatoka.

Haitabadilisha kitu, Baba. Niliuliza. Uzio utabaki, namba kumi na nne itabaki, na marekebisho yangu yatawekwa kwenye kiambatisho cha tisa, ambacho karani mwenyewe aliniambia hakisomwi na mtu.

Nilikwenda kwa karani huyo kabla hajafunga kazi. Alitaka kufuta maneno ya Oktoba na kuweka mapya, akaniambia hivyo ndivyo inavyopendeza zaidi. Nilimzuia. Nilikaa kwenye kiti kando yake mpaka akapiga mstari mmoja juu ya mita moja na sentimita sitini na mbili, mstari mwembamba, namba inasomeka. Juu yake akaandika "haijulikani." Akauliza saini iwe ya ofisi au yangu.

Nikamwambia yangu, jina langu kamili, na nikamwonyesha mahali. Pembe ya chini, kulia.

Kipaza